Ramses mwana wa Wissa: majina ya Misri ya kale yaliyodumu na yaliyorudi

Msanifu majengo Ramses Wissa Wassef, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 1974, anakumbukwa hasa kwa kituo cha ufumaji alichokianzisha katika kijiji cha Harrania, karibu na piramidi za Giza. Mimi kazi yangu ni kusoma Kikopti na maandishi ya Kimisri yaliyokitangulia, na kwa sababu hiyo jina lake limenishughulisha kuliko majengo yake. Wassef ni Kiarabu, lenye maana ya mtu anayeeleza sifa za kitu. Ramses ni jina la mafarao, na kila mtu hulitambua. Wissa, jina la baba yake, halimshtui msomaji yeyote, ilhali nalo ni la Misri ya kale, tena lina haki kubwa zaidi ya kuitwa urithi, kwa maana halikuwahi kutoka katika vinywa vya watu.

Watu wengi wanaponiuliza kuhusu majina ya Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, huchanganya makundi mawili: majina yaliyopokezwa kizazi hadi kizazi bila kukatika, na majina yaliyokuwa yamesahauliwa yakarudishwa kutoka vitabuni. Kinachonisaidia kuyatenganisha ni sauti zake.

Kikopti ni hatua ya mwisho ya lugha ya Kimisri, iliyoandikwa kwa herufi za Kigiriki pamoja na herufi sita au saba zilizochukuliwa kutoka maandishi ya zamani ya wenyeji kwa ajili ya sauti ambazo Kigiriki hakikuwa nazo, kama vile sh. Baada ya Waarabu kuiteka Misri kati ya mwaka 639 na 642, Kiarabu kilichukua nafasi yake hatua kwa hatua, na leo Kikopti kimebaki katika ibada. Majina yaliyovuka mpaka huo wa lugha yalibadilika kwa kanuni zinazoeleweka. Kanuni iliyo wazi kuliko zote inatokana na upungufu wa Kiarabu, ambacho hakina sauti p, hivyo p ya Kikopti ikawa b. Tena Kikopti huweka p au pi mbele ya nomino ya kiume, mfano wa al ya Kiarabu, na ndiyo maana majina mengi ya kiume ya Kikopti huanza na Ba au Bi. Pahom, maana yake “kipanga” au “tai”, likawa Bakhum, nalo ndilo jina la mtakatifu ambaye Wagiriki walimwita Pachomius, aliyeanzisha maisha ya utawa wa pamoja huko Tabennisi, kusini mwa Misri, katika karne ya 4. Papnoute, yaani “wa Mungu”, likawa Babnuda.

Katika Papnoute kuna neno noute, na neno hilo linastahili kukaliwa kidogo. Katika maandishi ya mahekalu, neno ambalo wataalamu huliandika kwa konsonanti n-t-r lilimhusu mungu yeyote, awe Amun, Horus au Ptah. Wamisri walipokuwa Wakristo hawakutafuta neno jipya. Walilichukua hilohilo, likiwa limeshafupika kuwa noute au nouti, wakamwita nalo Mungu mmoja. Kwa hiyo jina kama Shenoute, “mwana wa Mungu”, liliweza kupita kutoka dini moja kwenda nyingine bila kubadilishwa hata herufi, na limetufikia kama Shenuda. Papa Shenouda III, aliyeliongoza Kanisa la Kikopti kuanzia mwaka 1971 hadi 2012, hakuzaliwa nalo. Wazazi wake walimpa jina la Kiarabu, Nazir, na jina la Shenouda alipewa mwaka 1962 alipowekwa wakfu kuwa askofu. Kanisa hilo huwapa watawa na maaskofu majina mapya, na desturi hiyo imesaidia sana kuyaweka hai majina ya namna hii.

Aliyelifanya jina hilo kuwa maarufu ni Shenoute wa Atripe, mkuu wa Monasteri Nyeupe karibu na Sohag katika karne ya 5, mtu mkali aliyepambana waziwazi na ibada za miungu katika eneo lake. Aliyemrithi uongozi aliitwa Besa. Sasa Besa ni jina la Bes, mungu mbilikimo mwenye ndevu na ulimi nje, ambaye Wamisri waliweka sanamu zake majumbani ili awalinde wazazi na watoto wachanga. Sauti b ya Kikopti ilikaribia v au w, na ile e ndefu ikatamkwa i. Ndipo Besa likawa Wisa, na ndilo hilo la baba wa msanifu wetu. Kila ninaposoma maandishi ya Besa nahisi mshangao uleule, kwamba monasteri iliyopiga vita miungu iliongozwa na mtu mwenye jina la mmoja wao. Wala hakuwa peke yake, kwani miongoni mwa waliomrithi Pachomius alikuwamo Horsiesi, ambalo kwa Kimisri ni “Horus mwana wa Isis”.

Si kwamba Wakristo wote walilipuuza jambo hili. Eusebius, aliyeandika historia ya Kanisa katika karne ya 4, anasimulia juu ya Wamisri waliouawa kwa ajili ya imani huko Kaisaria, ambao mbele ya hakimu walijitaja kuwa ni Eliya, Yeremia, Isaya, Samweli na Danieli, badala ya majina ya sanamu waliyopewa na baba zao. Hata hivyo, kwa familia nyingi jina la babu lilikuwa la babu kwanza kabla ya kuwa la mungu. Wamisri walipenda kumwita mjukuu kwa jina la babu, kama zifanyavyo jamii nyingi za kwetu Afrika Mashariki, na jina linalorithiwa hivyo hudumu hata pale maana yake inapokuwa imefifia.

Mahali panapohitaji uangalifu zaidi ni pale jina linapofanana na neno la Kiarabu. Mkaa pweke wa jangwani ambaye Wagiriki walimwita Onnophrios huitwa Abu Nofer kwa Kiarabu, na msikilizaji huona kwamba alikuwa baba wa mtu aitwaye Nofer. Hapo hapana baba. Asili yake ni Wenennefer, “yeye aendeleaye kuwa mwema”, sifa ya Osiris, mungu wa wafu. Silabi za mwanzo ndizo zilizogeuzwa zikafanana na abu. Katika Abanoub, jina la shahidi mdogo anayependwa sana na Wakopti, baba yupo kweli, kwa kuwa apa ni neno la heshima walilopewa watawa na mashahidi. Wengi hulifasiri jina hilo kwa noub, neno la Kikopti la dhahabu. Mimi naona ni Apa Anoub, kwa sababu Anoub ni jina tunalolikuta kwa watawa wa kale wa jangwani, na asili yake ni mungu Anubis.

Majina yaliyorudishwa yana alama tofauti. Baada ya mtaalamu wa Kifaransa Champollion kuufumbua mwandiko wa Kimisri mwaka 1822, na zaidi baada ya kaburi la farao Tutankhamun kugunduliwa mwaka 1922, Wamisri walianza kuwaita watoto wao Ramsis, Ahmos, Izis na Nefertiti. Tazama Izis, yaani Isis, mama wa Horus. Kwa Kikopti mungu huyo wa kike huitwa Ese, na mwanamke aliyehusishwa naye aliitwa Taese. S ya mwisho katika Izis ni kiishio cha Kigiriki, nacho kinaonyesha wazi kwamba jina hili lilipitia vitabu vya Wagiriki. Silidharau kwa ajili hiyo. Mzazi aliyelichagua alitaka kujiunganisha na wazee wake, na ana haki hiyo.

Mengine yalitoka Misri zamani mno yakafika hadi kwetu. Finehasi wa Biblia ni Panehesy, “Mnubi”, jina la Kimisri lililobebwa pia na gavana wa Kush, yaani Nubia, wa wakati wa Ramses XI. Potifera, kuhani wa Oni, ni “aliyetolewa na Ra”. Jina la mtindo huohuo, Petiese, “aliyetolewa na Isis”, lina mwenzake wa Kigiriki, Isidoros, na kutoka kwake tunao akina Isidori katika parokia za Tanzania. Na Suzana, ambalo pengine limo katika kila ukoo wa Kikristo wa Afrika Mashariki, linatokana na seshen, yungiyungi la Mto Nile, lililoingia katika Kiebrania kama shoshana, kisha Kigiriki, huku Wakopti wenyewe wakiendelea kuliita ua hilo shoshen.