Je, wajua kwa nini aliyefaulu mafunzo ya usalama wa mtandao bado hubofya kiungo cha tapeli?

Utaratibu unajulikana. Mara moja kwa mwaka wafanyakazi wanaitwa ukumbini, wanaonyeshwa slaidi za barua pepe za kitapeli, wanajibu maswali kumi, na vyeti vinaingia kwenye faili. Kisha siku moja mtu aliyepata yote kumi anafungua ankara ya bandia.

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: huyo hakuelewa somo. Nilikosea, na kosa hili lina gharama, kwa sababu anayeliamini huishia kuongeza slaidi. Chukua ile meseji ambayo Tanzania nzima inaijua: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Hata mtoto wa shule atakwambia ni utapeli. Lakini inaendelea kunasa watu, tena watu makini. Humnasa yule ambaye asubuhi hiyo hiyo amemwahidi mwenye nyumba kwamba kodi inakuja. Meseji inaingia ikifanana na jambo alilokuwa nalo kichwani, naye anatuma.

Mhasibu wa mwisho wa mwezi yuko hivyo hivyo. Ana ankara arobaini za kulipa, na ya arobaini na moja imetoka kwa tapeli. Mwite pembeni, umuulize kama ile barua ni halali, na papo hapo atakuonyesha herufi moja iliyozidi kwenye anwani ya kampuni. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwita pembeni. Kujua ni jambo moja, kushtuka ni jingine, na mtihani wa ukumbini hupima kujua tu. Anayefanya mtihani tayari ameambiwa kwamba matapeli wamo.

Basi kwa nini hashtuki? Kumbuka kuchambua mchele kwenye ungo. Mchele ukiwa na mawe mengi, jicho linakuwa kali: kila baada ya punje chache unakuta kijiwe, mkono unakwenda taratibu, na hata chuya hazikupiti. Sasa chukua mchele msafi, wenye kijiwe kimoja kwenye kilo nzima. Unapitisha mkono mara tano, kumi, hukuti kitu. Jicho linaendelea kutazama, lakini limeshaamua kwamba hakuna kitu. Kijiwe kile kimoja utakutana nacho mdomoni.

Mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake nchini Marekani waliyapima haya kwa kuwapa watu kazi ya kutafuta vifaa vya fundi katika picha zilizojaa vitu. Kifaa kilipokuwamo katika nusu ya picha, watu walikikosa mara 7 katika 100. Kilipokuwamo katika picha moja kati ya 100, walikikosa mara 30 katika 100. Mwaka 2018 Ben Sawyer na Peter Hancock walijaribu jambo hilo kwa barua pepe na kuona mwelekeo ule ule: hatari ikiwa adimu, inapita. Kwa maneno mengine, kadiri mitambo ya ofisi inavyochuja barua za kitapeli vizuri, ndivyo wafanyakazi wanavyozidi kuzoea mchele msafi.

Viwanja vya ndege huweka mawe kwa makusudi: picha za silaha za kubuni hupachikwa kwenye skrini za wakaguzi wa mizigo ili macho yasilale. Barua za majaribio ofisini, yaani barua za kitapeli za kuigiza ambazo ofisi yenyewe huwatumia wafanyakazi wake, zinafuata wazo hilo. Mawe hayo yanapaswa kurudiwa, maana katika taasisi moja ya serikali Ujerumani utafiti wa 2020 uliona faida ya mafunzo bado ipo baada ya miezi minne, lakini haionekani tena baada ya sita. Video fupi na mazoezi ya kubofya ndiyo yaliyokumbusha vizuri zaidi.

Hapa lakini inabidi kwenda polepole. Watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 kwa miezi 15. Waliobofya barua ya majaribio na kupelekwa kwenye ukurasa wa somo hawakuwa imara zaidi. Kwa kiasi fulani walinaswa zaidi. Huenda walihisi kwamba kitengo cha TEHAMA kinawalinda. Kwa hiyo sithubutu kusema kwamba majaribio pekee yanatosha, na jaribio linaloishia kwa kumwaibisha mtu mbele ya bosi nalipinga kabisa: atakayenaswa kesho ataficha.

Kilichonivutia zaidi katika utafiti huo ni kitufe. Wafanyakazi walipewa kitufe cha kuripoti barua wanayoitilia shaka, na kwa miezi yote 15 hawakuchoka kukibonyeza. Mashambulizi mapya yalionekana mapema kwa sababu wachache walishtuka kabla ya wengine. Ndivyo inavyokuwa jikoni pia: mmoja akisema "mchele huu una mawe", kila mwenye ungo anapunguza mwendo.