Funksheni mbili, jina moja: hakuna anayekuchagulia

Kijana mwingine ameniletea skripti ya Python yenye funksheni mbili ziitwazo riba, moja ikipokea mkopo peke yake na nyingine mkopo pamoja na miezi, akishikilia kwamba kompyuta itatazama idadi ya vigezo na kuita inayofaa. Imani hii imenichosha. Hapa Kampala wengi hufunzwa Java kwanza, ambamo jambo hilo hufanyika kweli, kisha huichukulia Python kana kwamba lugha hizo zimenyonya ziwa moja.

Katika Python, def, neno linaloanzisha funksheni, ni amri inayotekelezwa kama amri nyingine yoyote: hulifunga jina kwenye funksheni pale zamu ya mstari huo inapofika. Def ya pili hulichukua jina lilelile bila onyo lolote. Ukiita riba(500000) baada ya hapo, TypeError italalamika kwamba kigezo miezi kimekosekana, na una bahati, kwa sababu skripti imegoma hadharani. Balaa liko pale ya pili inapokuwa imeandikwa miezi=12, yaani miezi isipotajwa ichukuliwe kuwa 12, kwani mwanachama wa SACCO aliyekopa shilingi 500,000 kwa mwezi mmoja atatozwa riba ya mwaka mzima, na skripti itamaliza kazi yake salama salimini.

Kinachoniudhi zaidi ni jibu la wajuaji: "Ya mwisho ndiyo hushinda." Ya mwisho lini? Katika Python, wito unaotekelezwa kati ya def hizo mbili hupata ya kwanza, ilhali wito uliofichwa ndani ya funksheni nyingine hulitafuta jina siku unapotekelezwa, hata kama umeandikwa juu kabisa ya faili. Lugha ya Perl hufunga sub zake (ndizo funksheni zake) zenye majina kabla ya mstari wowote kutekelezwa, hivyo hata wito ulio katikati huenda kwa ya mwisho. Ukiweka use warnings, itakuambia "Subroutine riba redefined". Lugha ya Bash hufuata mwendo wa Python, kimya kimya. Nayo PHP haina mzaha: "Cannot redeclare", na kazi inaishia hapo.

Dawa ni fupi: zipe majina tofauti, na kama zimetoka katika faili mbili, acha import ya nyota (from mikopo import *, inayoleta majina yote ya faili kwa mkupuo), uite mikopo.riba na akiba.riba.

Kuhusu kuziunganisha ziwe funksheni moja yenye thamani ya msingi, yaani inayotumika usipotaja nyingine, bado nasitasita, kwa maana huo ndio mlango ulioingiza ile miezi=12. Wala usiiachie flake8, programu inayokagua msimbo wa Python, ulinzi wote. Onyo lake F811 hulenga jina lililofafanuliwa upya kabla halijatumika. Ukiwa umeiita riba ya kwanza hata mara moja kabla ya kuandika ya pili, inaweza kukupitisha bila kusema neno.