Programu iko hapa, data iko kule: maana ya kuunganisha programu na hifadhidata ya mbali

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro aliniita nikamwangalizie kompyuta zake. Zilikuwa tatu: moja kaunta, moja stoo nyuma ya duka, moja ofisini kwake ghorofani. Zote zilikuwa na programu ile ile ya mauzo, tena toleo lile lile. Lakini kaunta ikiuza bati 20, stoo haina habari. Kila jioni kijana alizunguka na flashi, anakusanya mauzo ya kaunta na kuyapeleka juu. Baada ya shikamoo na marahaba mzee akaniuliza, "Sasa kijana wangu, si zote zina programu moja? Mbona haziongei?"

Nilimjibu kwamba programu ni moja ila daftari ni matatu. Kila kompyuta ilikuwa na data yake tumboni, na hakuna iliyojua mwenzake ameandika nini. Tulichotakiwa kufanya ni kubakiza daftari moja mahali pamoja, kisha kuzifundisha programu zote tatu kwenda kuuliza hapo. Dhana yenyewe ndiyo hiyo.

Programu ya mezani ni ile unayoisakinisha kwenye kompyuta na kuifungua kwa kubofya alama yake, tofauti na ile unayoiingilia kwa kivinjari. Hifadhidata (wengine husema kanzidata, sina ugomvi nao) ni mkusanyiko wa data uliopangwa kwenye majedwali: jedwali la bidhaa, la wateja, la mauzo. Katikati yake yuko wa tatu ambaye watu humsahau, nayo ni seva ya hifadhidata. Seva hiyo ni programu nyingine kabisa, kama MySQL, PostgreSQL, SQL Server au Oracle. Haina madirisha ya kubofyabofya. Kazi yake ni kukaa macho mchana na usiku ikisubiri kuulizwa. Na tukisema "ya mbali" hatumaanishi ng'ambo. Chumba cha pili tayari ni mbali, mradi kati yenu kuna mtandao.

Fikiria stoo yenye mtunza stoo. Wewe wa kaunta huingii ndani kupekua. Unaandika karatasi, unaipitisha dirishani, mwenyewe anakwenda kwenye rafu na kukuletea ulichoomba, hicho hicho. Karatasi ya programu inafanana na hii:

SELECT bei, idadi FROM bidhaa WHERE jina = 'Bati geji 30';

Yaani: nipe bei na idadi, kutoka jedwali la bidhaa, pale jina lilipo Bati geji 30. Lugha hiyo ni SQL. Ilizaliwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1970, baada ya Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni hiyo hiyo, kuchapisha mwaka 1970 wazo lake la kupanga data kwa majedwali yanayohusiana. Linalotupasa kuliona hapa ni dogo sana: kilichosafiri kwenye waya ni mstari mmoja kwenda na namba mbili kurudi. Jedwali lenyewe, hata likiwa na bidhaa 40,000, halikusogea.

Hapa ndipo mafundi wengi wa mitaani huteleza, na mimi nimo. Njia rahisi ya "kuunganisha" ni kuchukua faili la Access, hifadhidata ndogo ya Microsoft inayokaa ndani ya faili moja, kuliweka kwenye folda ya pamoja, kisha kila kompyuta inalifungua kutoka huko. Siku ya kwanza inafanya kazi vizuri na unalipwa hela yako. Lakini hapo hakuna mtunza stoo. Umegawa funguo, na kila mmoja anaingia stoo mwenyewe. Kompyuta ya kaunta inavuta vipande vya faili kupitia mtandao, inavisoma yenyewe na kuandika juu yake yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika lote, na kesho yake unapigiwa simu alfajiri. Isitoshe, faili la Access halivuki GB 2. Seva ya kweli hupokea mauzo kwa mtindo wa ama yote ama hakuna: ikiwa bati zimepunguzwa stoo lakini risiti haijaandikwa, umeme ukirudi seva inafuta hiyo nusu kana kwamba haikutokea.

Sasa tusogee karibu zaidi. Ndani ya mipangilio ya programu ya mzee niliandika mstari huu:

Server=192.168.1.10;Port=3306;Database=duka;Uid=kaunta1;Pwd=****

Ndio mstari wa muunganisho, na ukiusoma taratibu umeielewa dhana nzima. Kwanza anwani ya kompyuta yenye seva. Anwani zinazoanza na 192.168, sawa na zinazoanza na 10, ni za ndani tu. Duka la jirani linaweza kuwa na 192.168.1.10 yake na msigongane kamwe. Tatizo ni kwamba ruta hugawa anwani hizo yenyewe, na leo ikikupa 10 kesho inaweza kukupa 14. Kwa hiyo kompyuta yenye seva hupewa anwani ya kudumu, la sivyo Jumatatu asubuhi programu zote zitabisha hodi kwenye printa.

Poti ni namba ya mlango. Nyumba ni moja, milango inaweza kufika 65,535, na kila huduma ina mlango iliouzoea: MySQL 3306, PostgreSQL 5432, SQL Server 1433, Oracle 1521. Kisha jina la hifadhidata, kwa sababu seva moja inaweza kutunza kadhaa. Mwisho jina la mtumiaji na nenosiri. Nakuomba usiweke hapo jina la root, yule mtumiaji mkuu mwenye uwezo wote. Kijana wa kaunta anahitaji kusoma bei na kuandika mauzo. Hahitaji uwezo wa kufuta jedwali zima.

Kuna kitu hakionekani kwenye mstari huo, nacho ni draiva. Programu na seva zimeandikwa na watu tofauti, wakati mwingine kwa lugha tofauti, hivyo lazima awepo mkalimani. Mwaka 1992 Microsoft ilitoa ODBC, utaratibu wa pamoja unaoiwezesha programu kuongea na hifadhidata yoyote ilimradi draiva yake ipo. Lugha ya Java ina wake, JDBC. Ukalimani huu una mtego unaokula saa za watu: programu ya biti 32 inataka draiva ya biti 32, hata kama Windows yako ni ya biti 64. Na kwenye Windows hiyo, kifaa cha kupanga ODBC cha biti 64 kinakaa kwenye folda iitwayo System32, wakati cha biti 32 kinakaa SysWOW64. Sikosei, ndivyo kilivyo. Aliyeamua hivyo alikuwa na sababu zake.

Kosa la kawaida kuliko yote ni neno localhost. Aliyeitengeneza programu aliijaribu kwenye laptopu yake, ambako programu na seva vilikaa pamoja, akaandika localhost, yaani 127.0.0.1, yaani "mimi mwenyewe". Ukiisambaza programu hiyo kwenye kompyuta tatu, kila moja inajibishia hodi mlangoni kwake na kushangaa hakuna mtu.

Muunganisho ukigoma, usikimbilie kusakinisha upya. Soma ujumbe, maana kila kosa linakuambia umefika wapi. Kwenye Windows namba 10061 maana yake umekataliwa: nyumba umeifikia, ila nyuma ya mlango ule hakuna anayesikiliza. Ama seva imezimwa, ama imeamriwa isikilize 127.0.0.1 tu, ambayo kwa PostgreSQL ndiyo hali ya kuanzia mpaka ubadilishe listen_addresses na kumruhusu mgeni kwenye faili la pg_hba.conf. Namba 10060 ni muda kwisha: umebisha, hodi ikamezwa, hakuna hata wa kukukataa. Hapo shuku anwani, au ngome ya kompyuta, ile mafundi wanayoiita faiawoli. MySQL ikikupa 1045, shukuru kidogo, maana umeshafika kwa mtunza stoo na kilichobaki ni jina au nenosiri. Ikikupa 1130, tatizo si nenosiri, ni ulikotokea. MySQL humtambua mtu kwa jina pamoja na mahali, na kaunta1 wa 192.168.1.% (alama ya % maana yake namba yoyote) si kaunta1 wa kwingineko.

Kwa mzee ilikuwa 10060, na dawa ilikuwa kufungua poti 3306 kwenye faiawoli kwa ajili ya anwani za dukani tu. Saa kumi jioni kaunta ikauza misumari, namba ya stoo ikapungua papo hapo. Mzee akashuka ngazi kuhakikisha kwa macho yake.

Miezi michache baadaye alifungua tawi Dodoma, na kazi ikabadilika sura. Ndani ya duka moja mtandao ni wako, kebo na swichi unavishika kwa mkono. Kutoka Dodoma kwenda Morogoro unapita intaneti, na 192.168.1.10 huko nje haifiki popote. Ruta nyingi za laini ya simu hazina hata anwani yao ya peke yao kwenye intaneti. Kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo kutoka nje huna pa kubisha.

Ukiwa na anwani yako ya nje, kishawishi ni kuifungua poti ya hifadhidata kwa dunia nzima. Usifanye hivyo. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo, yaani programu hasidi inayojisambaza yenyewe, uitwao SQL Slammer, wenye baiti 376 tu, uliingia kwenye seva za SQL Server kupitia poti 1434 na ndani ya dakika 10 hivi ukawa umeambukiza makumi ya maelfu ya kompyuta. Wengi wa walioathirika hawakujua hata kama wana SQL Server, kwa sababu ilikuja imefichwa ndani ya programu za mezani walizosakinisha kwa kazi nyingine. Dawa yake ilikuwa imetolewa miezi sita kabla. Na mapema mwaka 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila nenosiri zilifutwa, kikabaki kikaratasi cha kudai fidia.

Njia ya busara ni kuchimba handaki, yaani VPN kama WireGuard au OpenVPN, au handaki la SSH. Kompyuta ya Dodoma na seva ya Morogoro zote zinatoka nje na kukutana kwenye njia iliyofungwa kwa usimbaji, na programu inaona kana kwamba zimo kwenye nyumba moja. Mstari wa muunganisho unabadilika anwani tu.

Tulichimba handaki hilo, tukalikutanishia kwenye seva ya kukodi iliyoko Ulaya kwa kuwa ilikuwa bei nafuu. Muunganisho ukakubali, lakini orodha ya bidhaa ikachukua dakika nzima kufunguka. Kasi ya intaneti ilikuwa nzuri, video zilikwenda bila kukwama. Kilichotuponza ni hesabu ya safari. Swali kutoka kwetu kwenda Ulaya na jibu lake kurudi huchukua milisekunde 150 hivi kwa kebo ya chini ya bahari, na hapo tuko afadhali: kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, tulitegemea setelaiti iliyoko kilomita 35,786 juu, na swali na jibu lake vilikaribia nusu sekunde. Sasa programu ile iliomba orodha ya bidhaa 400, kisha kwa kila bidhaa ikatuma ulizo jingine kutaka bei. Maulizo 400 mara milisekunde 150 ni sekunde 60. Dukani, ambako safari moja ni kama milisekunde moja, yale yale 400 yalikwisha kabla hujakohoa, ndiyo maana hakuna aliyeliona kosa. Ni sawa na kumtuma kijana stoo mara 400 kuchukua msumari mmoja mmoja, wakati ungeweza kumpa orodha moja. Tuliandika ulizo moja linalounganisha jedwali la bidhaa na la bei, na kituo cha kukutania tukakihamishia Dar es Salaam.

Kuhama huko kulinipa usingizi wiki ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya nje ikazorota nchini.

Ipo njia nyingine ambayo watu huichanganya na hii. Mhasibu wa mzee anaishi mbali na anataka kuingia kwenye programu usiku. Yeye hatukumpa mstari wa muunganisho. Tulimpa Remote Desktop, inayotumia poti 3389, ndani ya handaki lile lile. Kwa njia hiyo programu inakimbia Morogoro, jirani na hifadhidata yake, na kinachosafiri ni picha ya skrini kuja kwa mhasibu na mibofyo yake kwenda. Kompyuta yake haina programu ya mauzo wala data. Laini yake ikikatika katikati ya hesabu, anaporudi anaikuta kazi palepale alipoiacha, kishale kikipepesa kwenye kisanduku cha jumla.