Jazz na Midundo ya Kuba: Dhana Potofu na Ukweli

"Ongeza tumba kwenye bendi ya jazz, kazi imekwisha."

Dhana hii imeenea kuliko zote, na imeharibu nyimbo nyingi nzuri. Kinachoushika muziki huu ni klave, yaani mapigo matano yanayojirudia, ambayo kila chombo huyatii hata pale ambapo hakuna anayeyapiga. Jaribu mwenyewe: hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo mmoja, upige kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ni klave ya son, mtindo wa nyimbo za Kuba: makofi matatu ya kwanza ni upande mmoja, mawili ya mwisho ni upande wa pili. Kofi la tatu lisogeze hadi 8, tayari uko kwenye klave ya rumba, mtindo mwingine wa Kuba.

Sasa msikilize mpiga besi. Katika jazz ya kawaida hupiga noti kila pigo, nne kwa nne. Katika mdundo wa Kuba mara nyingi huliruka pigo la kwanza, na noti ya kodi inayofuata (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) huiingiza mapema, kodi yenyewe ikiwa bado njiani. Naye mpiga saksafoni, hata akiwa anabuni papo kwa papo, lazima ajue yuko upande wa klave wenye mapigo matatu au wenye mawili. Akipotea hapo, tumba hazimwokoi.

"Wamarekani walitunga, Wakuba wakatia ladha."

Si kweli hata kidogo. Mario Bauzá, mpiga tarumbeta wa Havana, alihamia New York mwaka 1930, akapigia bendi za jazz za Chick Webb na Cab Calloway, kisha akawa mkurugenzi wa muziki katika bendi ya shemeji yake, Machito. "Tanga" yake ya 1943 huhesabiwa miongoni mwa kazi za kwanza za mtindo huu. Ni yeye aliyemkutanisha Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, na mpiga ngoma wa Kuba Chano Pozo.

Pozo hakujua kusoma nota. Walipotengeneza wimbo wa "Manteca" mwaka 1947, aliimba kwa mdomo sehemu ya besi, ya saksafoni na ya tarumbeta, wenzake wakaandika. Gillespie alitunga sehemu ya kati. Alikusudia iwe na baa 8, yaani vipimo 8 vya mdundo, zikafika 16 ndipo akapata njia ya kurudi. Desemba 1948 Pozo aliuawa Harlem, akiwa na miaka 33 tu. Inauma kufikiria kilichokuwa bado kinakuja.

"Ni muziki wa mbali, hautuhusu."

Tumba zenyewe zina asili ya ngoma za Wabantu waliopelekwa Kuba utumwani kutoka Kongo. Kuanzia 1933, santuri za Kikuba za mfululizo wa GV ziliuzwa Afrika, na wanamuziki wa Kongo wakajengea rumba yao juu yake. Sikio lililolelewa na muziki wa dansi lina klave tayari.

"Ngoma za ibada zimegeuzwa burudani."

Batá, ngoma za ibada zenye asili ya Wayoruba, ni tatu: iyá, itótele na okónkolo. Zilizowekwa wakfu hubaki kwenye ibada, mikononi mwa waliotawazwa. Za jukwaani kwa kawaida ni zile zisizowekwa wakfu. Hivyo ndivyo kundi la Irakere, lililoanzishwa na Chucho Valdés mwaka 1973, lilivyoweza kuzipiga pamoja na gitaa la umeme.

Na kazi inaendelea. Katika albamu "Mbókò" ya 2014, mpiga piano David Virelles ameweka besi mbili, dramu na ngoma za Abakuá, chama cha siri cha wanaume wa Kuba, zinazopigwa na Román Díaz. Ngoma ndiyo inayoongea. Piano hungoja, kisha hujibu.