Je, wajua kwa nini dawa ya mseto ya malaria inataka mafuta?

Ukienda kununua dawa ya mseto ya malaria, ile tunayoiita ALu, muuzaji makini atakuuliza umekula nini. Wengi hujibu, "Nimekunywa chai ya rangi," wakidhani anaulizia ili tumbo lisiume. Sivyo. Anauliza kwa sababu bila mafuta, sehemu kubwa ya dawa utakayomeza itaishia chooni.

Kidonge cha kawaida kina dawa mbili: miligramu 20 za atemetha na 120 za lumefantrini. Hii lumefantrini haipatani na maji, kama samli iliyodondokea kikombe cha maji baridi. Na utumbo umejaa majimaji. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, hubaki punjepunje na kupita zake bila kupenya ukuta wa utumbo. Ukila chenye mafuta, mfuko wa nyongo hujiminya, nyongo ikamwagika utumboni na kuyavunja mafuta yale kuwa vitone vidogo mno. Lumefantrini hujibanza humo, na vitone ndivyo vinavyoifikisha ukutani ikavuka. Tofauti yake ni kubwa: baada ya mlo wenye mafuta, lumefantrini inayoingia katika damu inaweza kuwa mara 16 ya ile ya tumbo tupu. Atemetha nayo huongezeka zaidi ya mara 2.

Najua mgonjwa wa malaria hali kirahisi. Mdomo mchungu, harufu ya mboga tu inamchefua. Lakini hahitaji sahani ya pilau; kikombe cha maziwa halisi, andazi au uji wa karanga kinamfaa. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe. Mgonjwa akitapika ndani ya saa moja, dozi ile irudiwe.

Sasa, kwa nini dawa mbili? Atemetha ni ndugu wa atemisinini, dawa iliyopatikana katika mmea wa pakanga ya China na kikosi cha mwanasayansi Tu Youyou mwaka 1972, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kimelea cha malaria hukaa ndani ya seli nyekundu ya damu na kula himoglobini yake, yaani protini yenye chuma, na katika kula huko huachia madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoiwasha dawa, ikakiunguza kimelea hicho kutoka ndani. Huua kwa kasi sana, ila haikai: baada ya saa chache tu nusu yake imeshaondoka mwilini.

Lumefantrini huua polepole, lakini hubaki katika damu kwa siku nyingi. Ndiyo maana mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne vinne, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Siku ya pili homa inashuka, na wengi huacha hapo wakaweka vilivyobaki kabatini. Homa imeshuka kwa kuwa atemetha imeua vimelea vingi, na vilivyosalia havitoshi kukutetemesha. Hivyo vilivyosalia ni kazi ya lumefantrini, nayo haifikii kiasi cha kuvimaliza bila dozi zote 6, kila moja na mafuta yake.