Kuku Anayekufa Ghafla Si wa Kuchinjwa

Kila kideri, yaani mdondo wa kuku, kinapoingia vijijini, wataalamu wa mifugo hulaumiwa kwamba wanawatia wafugaji hofu ya mafua ya ndege bila sababu. Ikumbukwe kwamba Januari 2017 virusi vya H5N8, aina mojawapo ya mafua ya ndege, vilithibitishwa nchini Uganda, kwa ndege pori waliokutwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na kwa bata na kuku wa Masaka. Ziwa hilo ni letu pia Watanzania, na ndege haombi kibali cha kuvuka mpaka. Binadamu hawakuthibitika kuambukizwa katika tukio hilo, lakini H5N1, aina nyingine ya virusi vya mafua ya ndege, iliwapata watu 18 Hong Kong mwaka 1997, na sita kati yao wakafariki.

Nyama iliyoiva hadi ndani haiambukizi. Hatari iko kabla ya sufuria, pale mtu anapomwahi kuku aliyezubaa, mabawa yameshuka na upanga wa kichwani umegeuka zambarau, akamchinja ili asiende bure, akamnyonyoa na kumtoa matumbo kwa mikono mitupu, watoto wakiwa wamechuchumaa pembeni. Wapo wanaosema, "Huo ni mdondo tu." Kwa macho hakuna anayeweza kuyatofautisha magonjwa hayo mawili, hata daktari, na chanjo ya mdondo haizuii mafua ya ndege.

Kuku wengi wakifa kwa mkupuo, usiwaguse, usiwauze wala kuwatupa mtoni. Mjulishe afisa mifugo wa kata au mtendaji wa kijiji, ambaye atamfikishia taarifa daktari wa mifugo wa wilaya, naye atachukua sampuli za kooni na za sehemu ya haja, azihifadhi kwenye ubaridi na kuzipeleka Wakala ya Maabara ya Veterinari. Karantini ikitangazwa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, kutorosha kuku usiku kwa bodaboda ni kosa la jinai, na kisingizio cha kwamba walikuwa wazima hakitasaidia.

Aliyewashika ndege hao, kisha akapata homa, kikohozi, macho mekundu au shida ya kupumua, avae barakoa na kwenda kituo cha afya, au apige simu 199. Amweleze mganga habari za kuku kabla ya kuulizwa, kwani bila hilo atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani, ilhali oseltamiviri, dawa ya kutibu mafua hayo, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili kujitokeza.