Mtoto anajumlisha namba, hajumlishi pande

Nimeisikia tena, na safari hii nimeona bora niandike. "Mzingo si mada ya kuhangaika nayo, mpe mtoto kanuni akariri, mbili mabano urefu jumlisha upana, kesho mnaendelea na mada nyingine." Wazazi wanasema, walimu wenzangu nao wanasema, na wanasema kwa nia njema kabisa, ila jioni mi ndo nakaa na madaftari nasahihisha matokeo yake na roho inaniuma.

Mzingo ni urefu wa kuzunguka ukingo wote wa umbo, na kanuni ile ni ya mstatili. Mraba, nne mara upande. Pembetatu haina cha kukariri, unajumlisha pande tatu umemaliza. Sasa mtoto aliyekaririshwa ile moja, ukimpa pembetatu anaanza kutafuta upana uko wapi, na asipouona anachukua namba mbili zozote anazidisha kwa mbili. Hapo hajakosea hesabu, hesabu kaipiga vizuri tu. Ila hajui anapima nini.

Jaribu hiki kitu uone. Chora mstatili, juu andika sentimita 8, pembeni 5, zile pande mbili nyingine ziache tupu. Muulize mtoto wa miaka minane tisa mzingo ni ngapi. Wengi watakwambia 13. Halafu chora mstatili uleule, andika namba kwenye pande zote nne, na sasa haohao wanakupa 26 bila hata kufikiri. Yaani mtoto anajumlisha namba zilizoandikwa, hajumlishi pande. Upande usio na namba kwake haupo! Na sisi tunampa maswali kumi yenye namba zote kamili, anapata kumi kwa kumi, tunaweka tiki, tunasema kaelewa.

Kwa hiyo kabla ya namba yoyote nataka kidole. Mtoto aweke kidole kwenye kona moja, aweke alama pale, atembeze kidole ukingoni mpaka arudi kwenye alama yake. Njia yote kidole kilikopita, huo urefu wake ndo mzingo. Wengi wakifika kona ya mwisho wanasimama, wanaona wamemaliza kwa sababu kona zote wamezigusa, kumbe upande mmoja bado. Ndo maana ya ile alama, bila alama hajui alipoanzia. Akishazoea hili, ule upande usio na namba anaupitia kwa kidole na anakuuliza mwenyewe, "Mwalimu, huu hapa ngapi?" Swali hilo nalipenda kuliko jibu la 26.

Halafu kuna karatasi ya miraba, ambayo kila mtu anaisifia na mi naitumia sana, ila ina mtego na sijui kwa nini hausemwi. Chora juu yake mstatili wa miraba 5 kwa 3. Mwambie mtoto ahesabu kuzunguka. Atahesabu vijiraba vilivyo ukingoni, kwa ndani, atapata 12. Mzingo ni 16. Mtu mzima akiona 12 anadhani mtoto karuka karuka kuhesabu, anamwambia hesabu tena, anahesabu tena anapata 12, anaambiwa hesabu vizuri, na maskini ya Mungu anahesabu vizuri kabisa! Kijiraba cha kona kina kingo mbili zinazotazama nje, yeye kakihesabu mara moja. Kona nne, kingo nne zimepotea, ndo maana jibu linapungua 4 kila mara umbo likiwa na miraba miwili au zaidi kila upande. Likiwa na safu moja tu ya miraba mambo yanaharibika zaidi, miraba 5 kwenye mstari mmoja atakwambia 5 na jibu ni 12. Dawa yake: mpe njiti fupi zenye urefu wa kijiraba azipange ukingoni, kisha ahesabu njiti. Njiti ni urefu, kijiraba ni eneo, na mtoto anayehesabu vijiraba ameshaingia kwenye eneo bila mtu kumwambia.

Ukihamia kwenye mistari ya mshazari kuwa makini, mtoto ataihesabu kama 1 kwa sababu imekatiza kijiraba kimoja, wakati ni ndefu kuliko ukingo wa kijiraba, kama 1.4 hivi. Mi kwa wadogo siiweki kabisa. Vipimo navyo, mita 1 na sentimita 40 wanajumlisha wanapata 41, kwa hiyo badili kwanza vyote viwe sentimita. Duara lisubiri.

Sasa umbo la L, hapa naomba nikae kidogo. Chukua karatasi ya sentimita 8 kwa 6, mzingo 28. Kata kona moja, kipande cha 3 kwa 2. Uliza darasa: mzingo umepungua, umeongezeka au umebaki vilevile? Karibu wote watasema umepungua, si umekata? Haya, pima. 8, 6, 5, 2, 3, 4. Jumla 28. Eneo limeshuka kutoka 48 mpaka 42 na mzingo haujasogea hata kidogo, kwa sababu zile pande mbili mpya za ndani ni ndefu sawasawa na zile zilizoondoka na kona. Chukua karatasi nyingine kama ile, kata kipande chenye ukubwa uleule ila katikati ya ule upande wa 8, upana 2 na kina 3. Eneo tena 42. Mzingo? 34! Umekata karatasi na mzingo umekua. Nimeona watoto wanagombania rula kupima upya kwa sababu hawaamini, na hapo ndo wanajifunza, maana wanatetea kitu walichokipima wenyewe.

Na msiwacheke, watu wazima wamelikosea hili tangu zamani. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, aliwalalamikia watu wanaopima ukubwa wa mji kwa mzunguko wake. Alitoa mfano wa miji miwili ya Ugiriki ya kale, Megalopolis yenye mzunguko wa stadia 50 (stadia ni kipimo chao cha urefu) na Sparta yenye 48, na bado Sparta ikawa kubwa mara mbili. Funga uzi wa sentimita 24 uwe kitanzi, utengeneze mstatili wa 11 kwa 1, eneo 11, kisha mraba wa 6 kwa 6, eneo 36. Uzi ni uleule.

Ombi langu kwa walimu, msianze na mraba wa 4 kwa 4. Mzingo 16, eneo 16, mtoto anaondoka anajua ni kitu kimoja. Mstatili wa 3 kwa 6 vilevile, 18 na 18. Kwa namba nzima ni hizo mbili tu zinazogongana hivyo, na hizo mbili ndo zinapendwa ubaoni kwa sababu namba zake nyepesi.

Kuna mambo bado yananisumbua. Mzingo na eneo vifundishwe pamoja au kimoja kiishe kwanza? Nikivitenganisha watoto wanatulia, ila wakivikuta kwenye swali moja wanachanganya. Nikivifundisha pamoja wanachanganya mapema, na angalau nipo pale nawaona. Siku hizi naegemea pamoja, ila siwezi kuapa.

La pili ni umbo lenye tundu katikati. Mtoto akiuliza kama ukingo wa tundu nao unahesabiwa, vitabu vingi vya shule za msingi havina habari nalo. Ukisema mzingo ni mpaka wote wa umbo, tundu linaingia. Ukisema ni njia ya kuzunguka nje, haliingii. Mi namuuliza kwanza anataka kufanya nini, kama anabandika utepe kwenye kingo zote au anazungusha kamba kwa nje, halafu tunapima alichosema. Kwenye mtihani nawaambia wahesabu wa nje tu, labda swali liseme vingine, na wale wanaobisha nawaacha wabishe.